Mtogwa wa Kupeleka Kasama

Mimi ni fundi viatu. Kijiwe changu kiko Mwanjelwa, na kama umewahi kutembea Mbeya hii ukiwa na soli mguuni, basi ujue hiyo soli tunajuana. Shule niliipitia kwa nje, nikaisalimia dirishani, nikaendelea na safari zangu. Mambo ya nchi za watu nilikuwa nayasikia kwa wateja tu. Huyu katoka Lilongwe, yule anaenda Lusaka, wote visigino vimelika upande mmoja. Mimi mwenyewe nje ya nchi yangu ilikuwa Makambako.

Kilichonitoa ni kijana wetu wa kwanza. Anaendesha lori, anapeleka mizigo Zambia. Safari moja lori likamfia mji unaitwa Kasama, akaambiwa asubiri spea. Spea ikaja, lori likapona, dereva ndiyo akawa mgonjwa. Alikuwa ameona binti. Akarudi hapa nyumbani amekonda mpaka mkanda tumeutoboa matundu mapya, na hayo matundu nimetoboa mimi kwa mkono wangu, kwa hiyo najua ninachosema.

Sasa bahati ilivyo, baba wa yule binti hakuwa Mzambia wa kuzaliwa. Ni Mhehe mwenzetu. Alikwenda kule kijana kabisa, enzi za kujenga reli. Reli ikaisha, wenzake wakarudi, yeye akabaki kama msumari kwenye taruma. Mimi nikasema ah, hapa tumeshaoa. Nikampigia simu kwa kujiamini.

"Kamwene!" nikamwamkia.

"Kamwene, mnyalukolo," akaitika. Sauti nzito, kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. "Wewe ndiye baba wa huyu dereva?"

"Ndiye mimi, mkwe."

"Mkwe bado. Nasikia nyie watu wa Kilolo."

"Kilolo kabisa, mzee. Mababu zangu wote wamezikwa kule, hata wale ambao hawakutaka."

Hakucheka. Akasema, "Kila anayetaka kitu kwangu anakuwa mtu wa Kilolo. Sikia. Mkija, nileteeni ulanzi wa nyumbani. Na sitaki mkangafu. Nataka mtogwa. Mkileta mtogwa tutaongea habari ya binti. Mkileta mkali, mtalala, mtakula, na asubuhi mtaondoka na kijana wenu."

Simu ikakatika. Nikakaa chini kwenye ndoo.

Kwa ambaye hajafika kwetu, ulanzi ni pombe ya mwanzi. Mwanzi ukiwa mchanga unaukata kichwa, unautegea kibuyu chake cha mwanzi, tunakiita mbeta, na wenyewe unadondosha maji matamu. Ukinywa asubuhi hiyo hiyo, huo ndiyo mtogwa, hata mtoto anakunywa anaenda shule. Lakini haukai. Ukisinzia kidogo umeshaanza kuuma ulimi. Kesho yake ni mkangafu, na mkangafu ukinywa unaweza kumuuliza ng'ombe njia, na ukaridhika na majibu. Sasa uutoe Kilolo, uufikishe Mbeya, uuvushe mpaka, uufikishe Kasama ukiwa bado mtogwa! Ni sawa na mtu akuambie umletee umande kwenye kapu.

Kijana wetu nikamweleza. Akasema, "Baba, mimi nikimkosa huyu binti lori naliacha porini na funguo juu." Mtoto ambaye hata akianguka na baiskeli alikuwa halii. Mama yake akaniangalia. Basi, safari ikawa safari.

Washauri wa safari tulikuwa watatu. Mimi, mke wangu, na kaka yangu mkubwa wa Kilolo, ambaye ndiye mgema mwenyewe na tukamfanya mshenga. Mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa migomba. Mwanzi kwake ni kitu cha kujengea banda la kuku. Nikamwambia abaki. Akasema, "Mwanangu anakwenda kuposa, mi nibaki nachambua maharage? Thubutu!"

Mtu atasema, si mpande basi mpaka Tunduma, mvuke, mpande basi lingine? Huyo mtu hamjui mke wangu. Mke wangu na basi ni maadui wa kuzaliwa. Anatapika basi likiwa bado linaoshwa. Siku moja tulikwenda Chunya kwenye msiba, tulivyofika wafiwa wakaacha maiti wakamhudumia yeye. Basi likafutwa, tukabaki na meli, treni na ndege.

Mimi nilikuwa mtu wa ndege. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kinachoharibika kipeleke haraka, na cha haraka ni ndege. Uwanja tunao hapo Songwe, ndege zinapita juu ya kijiwe changu kila siku, hata kunisalimia hazinisalimii. Nikaenda kwa dada mmoja anakata tiketi hapo mjini. Nilivaa viatu vya mteja, vilikuwa vimeshapona, wala hakuvifuata mapema.

"Dada, nataka Kasama."

Akabonyeza bonyeza kompyuta. "Baba, utatoka Songwe utaenda Dar es Salaam. Dar utaunganisha Lusaka. Lusaka sasa ndiyo utafute usafiri wa kupanda Kasama."

"Ngoja kwanza. Kasama iko huku," nikamwonyesha magharibi, "na Dar iko kule. Yaani unanipeleka nyuma ili niende mbele?"

"Ndiyo njia ya ndege, baba."

"Na kutoka Lusaka mpaka Kasama?"

"Basi. Siku nzima."

Nikamfikiria mke wangu kwenye basi siku nzima. Nikawahurumia Wazambia. Nikauliza la mwisho, "Na nina dumu mbili za ulanzi."

"Za nini?"

"Pombe ya mwanzi. Lakini bado mtoto, haijawa pombe."

"Inachacha?"

"Muda wote, dada yangu. Hata hapa tunavyoongea."

"Hiyo haipandi, baba."

"Kweli haipandi. Yenyewe kazi yake ni kushuka tu."

Akacheka mpaka akashika meza, lakini jibu likabaki pale pale. Ndege ikafa.

Kaka yangu yeye alitaka meli. Ni mtu wa milimani, maji mengi aliyowahi kuona ni ya kuoshea mbeta, na akishika jambo anakaba koo. Alisikia kwamba kuna njia ya Ziwa Tanganyika. Unakwenda Sumbawanga, unateremka Kasanga, unapanda meli mpaka Mpulungu upande wa Zambia, halafu Kasama ni kupanda kilima. Akanipigia kwa sauti ya mtu aliyegundua dhahabu.

"Mdogo wangu, ziwani kuna upepo! Ulanzi unataka ubaridi. Tunazamisha dumu majini kwa kamba, meli inavuta, ulanzi unaogelea mpaka Zambia. Utafika mtamu kama asali."

"Kaka, na mamba?"

"Mamba hanywi mtogwa. Mamba anataka mkangafu."

Nilimtafuta mteja wangu Mfipa, yule mwenye buti moja linaloachia kila masika, anaujua mwambao ule. Nikamuuliza meli inapita Kasanga siku gani. Akaniangalia kama namuuliza mvua itanyesha saa ngapi. "Fundi, meli unakwenda kuisubiri. Ikija, imekuja. Kuna watu wamekwenda kusubiri wakaoa pale pale." Nikamwambia sisi tunakwenda kuoa Kasama, hatuna nafasi ya kuoa njiani. Tena kufika Kasanga kwenyewe ni basi. Mke wangu aliposikia neno basi akaweka kanga mdomoni. Meli nayo ikazama bila kuondoka.

Tukabaki na treni. Treni haina mbwembwe. Unapandia hapa hapa Iyunga, inapita Tunduma, inaingia Zambia, Kasama iko njiani kwake. Haraka haina, lakini haizunguki. Na mke wangu kwenye treni hatapiki, anasinzia tu kama amebebwa mgongoni. Kaka akanung'unika sana habari ya meli, mpaka nikamwambia kwamba yule mkwe ni mtu wa reli, tukija na treni atatuona tuna akili. Hapo akalegea.

Sasa ulanzi. Kaka alifanya mambo ambayo nadhani hata madaktari hawafanyi. Mbeta zote aliziosha kwa maji ya moto. Alfajiri akauteka ulanzi, akaupitisha motoni kidogo tu, anasema unausinzisha ili usikue haraka. Akautia kwenye dumu mbili, akazizungushia magunia mabichi, na juu hakuweka kifuniko. Aliziba kwa gunzi la muhindi. Gunzi linapumua, povu linatoka taratibu, ulanzi hauna kinyongo. Akapanda gari la kuja Mbeya, amezipakata zote mbili kama mapacha. Anasema Ilula wale wauza nyanya walimwita dirishani, "Mzee, nyanya!" naye akawajibu, "Nina wagonjwa, msipige kelele."

Alifika kwangu jioni. Tukaonja. Mtogwa! Mtamu mpaka meno yanaimba. Tukatoka Iyunga kesho yake mchana, kijana wetu alishatangulia na lori.

Kosa lilifanyika nyumbani kwangu kabla ya kutoka, na wala hatukuliona. Mke wangu alikuwa amevaa kitenge kipya, kile cha kuposea, akaziangalia zile dumu akaona aibu. Kwao Tukuyu ukienda ukweni chombo kinang'arishwa, kinafunikwa kitambaa, kinabebwa kichwani watu wakione. Akaniambia baadaye, "Ningeendaje kwa watu na dumu limezibwa na gunzi, kama tunapeleka mafuta ya taa?" Akatafuta kifuniko. Alipata kimoja tu. Akang'oa gunzi, akafunga dumu la kwanza, akakaza kwa mikono miwili, na mikono ya mke wangu imetwanga tangu utoto. Akalifunika gunia lake vizuri. La pili likanusurika kwa kukosa kifuniko.

Treni ikatoka. Ah, treni tamu bwana! Unakaa, unaangalia dunia inakwenda yenyewe. Mashamba ya kahawa ya Mbozi yakapita, watoto wakatupungia, mimi nikapunga kama mbunge. Kaka alikaa na dumu moja katikati ya miguu, lile la gunzi. Dumu la kifuniko alikuwa nalo mke wangu chini ya kiti. Pembeni yetu sista mmoja wa Kikatoliki anasali rozari, na mama mmoja wa Kisukuma kutoka Usangu amebeba mchele.

Kila baada ya kituo kaka anachomoa gunzi, anaonja. "Bado mtoto," anasema. Mimi nami naonja, kuthibitisha. Shahidi mmoja hatoshi. Mama wa Kisukuma akauliza ni nini, akaonjeshwa, akasema kwao wangeuchanganya na maziwa. Kaka nusura amshushe.

Tukavuka mpaka. Upande wa Nakonde akaingia mtu wa forodha, kijana msafi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Anauliza mizigo moja moja. Akafika kwetu, akapiga gunia la mke wangu kwa ncha ya kiatu. Kiatu kizuri, soli halisi, hilo niliona.

"Batata, ni nini hii?" Batata kwao ni baba.

"Juisi, mukwai," nikasema. Hilo neno la heshima la kwao, mukwai, kijana wetu alinifundisha, nikalitia kila mahali. "Juisi ya mwanzi, mukwai."

"Mwanzi iko na juisi?"

"Kwetu ipo, mukwai."

Akainama, akafunua gunia. Kaka naye akainama, ndipo akaona kifuniko. Nilimuona kaka yangu akibadilika rangi, na yeye ni mweusi, hiyo rangi aliipata wapi sijui. Akasema polepole, "Shemeji... gunzi liko wapi?"

Mke wangu akajibu kwa majivuno, "Nimetupa. Nimefunga vizuri."

Hakumaliza. Lile dumu likasema PAA! Nakuambia bomu! Kifuniko kilipaa kikagonga dari, kikarudi kikagonga kiti, kikatoka dirishani, nadhani mpaka leo kinaelekea Kongo. Povu likasimama kama mnara. Sista alikuwa chini ya kiti kabla sijageuka, na rozari yake, wala sala haikukatika. Mama wa Kisukuma alikumbatia mchele wake. Behewa zima watu wamelala chini, mmoja anapiga kelele tumevamiwa. Mimi nilibaki nimesimama, si kwa ushujaa, miguu ilikataa kupokea maagizo.

Mtu wa forodha alikuwa pale pale ameinama, uso mweupe kwa povu, shati lile la pasi limeloa mpaka mkanda. Nikajua tumeshafungwa. Nikawaza kijana wetu atasubiri stesheni mpaka azeeke.

Yule kijana akajipangusa jicho moja. Likashuka tone mdomoni. Akalilamba. Akafikiri. Akalamba tena.

"Mukwai," akasema, "iko tamu."

Behewa likapasuka kwa kicheko. Kaka hapo hapo akamjazia kikombe kutoka dumu la pili. Akanywa amesimama, akatupigia mihuri yetu, akaondoka ananukia Kilolo. Sasa mimi nikabaki na kitu kimoja moyoni: hapa Nakonde ulanzi bado mtogwa, na ameshuhudia mtu wa serikali.

Mke wangu alijikung'uta povu mpaka taa za behewa zikawaka. Kitenge cha kuposea kimegandana. Halafu akamgeukia kaka, "Shemeji, kwa nini hamkuniambia kwamba hii kitu inapumua?"

"Shemeji, nani anamwambia mtu kwamba kitu kinapumua? Kwani wewe uliniambia ndizi inakua?"

Tulilala. Asubuhi, Kasama imekaribia, kaka akachomoa gunzi akaonja. Kawaida akionja anasema. Safari hii akanipa kikombe. Nikanywa, ulimi ukaniuma, na masikio yakapata moto. Mke wangu akatuangalia sura zetu.

"Umekuaje?"

"Umebalehe," kaka akasema.

Tukashuka stesheni wanyonge kama kuku walionyeshewa. Pale nje kuna mama anauza sukari ya kupima kwenye vifuko. Kaka akamwona, mimi nikamwona, tukaangaliana. Nikaanza kuingiza mkono mfukoni. Mke wangu akausukuma mkono wangu ukarudi ulikotoka.

"Mnataka kufanya nini?"

"Kijiko tu, shemeji. Vijiko."

"Huyo mzee amekulia kwenye mianzi. Sukari ataijua kabla haijafika kooni. Halafu tuanze ukwe kwa uongo?" Akanigeukia mimi. "Na wewe!"

Nikajitetea kwamba mimi maisha yangu yote naongeza chumvi, sukari sijawahi. Lakini alikuwa na haki. Tukaenda na ukali wetu hivyo hivyo.

Kijana wetu alitupokea, amevaa suti. Suti! Jua la Kasama, yeye na suti nyeusi na tai. Hakuuliza habari za safari. Aliuliza, "Mtamu?" Mama yake akamrekebisha tai, naye akaelewa.

Kwa mzee ni nyumba ya tofali za kuchoma, na uani amepanda kichaka cha mianzi. Kaka akaigusa, akanong'ona, "Hii haitoi kitu. Ya mapambo." Mzee mwenyewe kumbe mfupi, mwembamba, ile sauti ya pipa sijui alikuwa anaihifadhi wapi. "Mwaiseni," akatukaribisha, halafu akakumbuka akasema, "Kamwene." Tukakaa. Maji, salamu, habari za mvua. Binti yuko jikoni, tunasikia vyombo tu. Kaka akasimama kama mshenga, akaeleza kwamba tumeona ua kwenye nyumba hii, na kadhalika na kadhalika, akatoa dumu.

Mzee akamimina kwenye kikombe cha bati. Akanusa. Akanywa funda moja, akaliweka mdomoni muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia. Akameza.

"Nilisema nini kwenye simu?"

"Mtogwa, mkwe," nikasema.

"Na huu?"

"Mkangafu. Ulikuwa mtogwa mpaka Nakonde, mzee wangu. Shahidi ni mtu wa forodha, tulimwogesha."

Nikamweleza yote, bomu, sista, mchele, na nikaongeza kidogo, nikasema treni ilitikisika ikatoka relini ikarudi yenyewe. Mtu wa reli akanitazama. Nikaitoa hiyo.

Akaweka kikombe chini. "Basi. Mtakula, mtalala. Kesho treni ipo."

Kijana wetu alikaa wima na suti yake, jasho linashuka, macho yako kwenye mlango wa jikoni. Vyombo vilikuwa vimenyamaza kule ndani.

Ndipo mke wangu akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima, kwa Kinyakyusa chao. "Baba, naomba kuuliza. Mimi mtu wa migomba, sijui mambo ya mwanzi, nimeshalipua dumu zima kwa kutojua. Huu mtogwa, tangu ukae huku, kuna mtu amewahi kuufikisha?"

Mzee akachungulia nje, kwenye mianzi yake.

"Wewe mwenyewe ukirudi likizo enzi hizo, uliwahi?"

"Haufiki," akasema mzee. "Haujawahi kufika."

"Kwa hiyo ulituagiza kitu ambacho hakifiki."

Kaka akakohoa. Mimi nikaangalia dari. Mke wangu akaendelea kwa upole, kama anamnyoa mtoto. "Kuna wengine waliokuja kabla yetu?"

Mzee akakuna goti. "Alikuja mmoja wa Mbala, kule karibu na ziwa."

"Ukamwagiza nini?"

"Samaki wa ziwani."

"Hao si wanafika?"

"Nilitaka afike anapumua," mzee akasema. Halafu ule uso wake ukavunjika, akaanza kucheka, na jikoni nako mtu akacheka. Kaka akacheka mpaka akakaa. Mzee alipomaliza kucheka, uso ulikuwa umebadilika. "Mama wa wanangu nilishamzika. Hao wakubwa, mmoja Lusaka, mmoja Kitwe. Nawaona kwenye simu, vichwa tu. Sijui hata kama bado wana miguu. Huyu ndiye aliyebaki. Nyinyi mtamchukua Mbeya, mimi nitabaki naongea na hiyo mianzi?"

Hapo mdomo wangu, ambao sijawahi kuumudu, ukasema wenyewe, "Hatumchukui, mzee. Kijana wetu atahamia hapa."

Mke wangu alinifinya paja. Alifinya kwa nguvu zile zile za kile kifuniko, na hapo mahali mpaka leo pana alama, asiyeamini nitamwonyesha. Ni mtoto wake wa kwanza. Mimi nimemgawa kama kiatu kisichochukuliwa.

Mzee hakuniangalia mimi. Alimwangalia yeye. "Mama, umesikia mumeo?"

"Nimesikia."

"Ndiyo neno lenu?"

Mke wangu akamtazama mwanawe. Mwanawe bado macho yako jikoni, mama hamuoni, baba hamuoni, hata angeungua suti asingejua. Mke wangu akashusha pumzi. "Huyu hata akiwa Mbeya yuko barabarani. Akae. Lakini mtoto wao wa kwanza nitakuja kumwogesha mimi. Na asije mtu akaniagiza kitu kinachopumua."

Mzee akaita. Binti akatoka, mrefu, kitambaa kichwani, akapiga goti. Mzee akampa kile kikombe. Kwetu pombe ya posa hainywewi mpaka mwenye kuposwa aseme, na naona huko ughaibuni mzee hakuisahau. Akamuuliza, "Wamekuja watu hawa na pombe yao imechelewa. Tunywe au tumwage?"

Binti akaonja. Hajawahi kuonja ulanzi maisha yake, na ule ulikuwa umeiva mpaka unaongea. Macho yakafumba, bega moja likapanda, mdomo ukaenda pembeni. Kijana wetu akasimama kabisa. Tukangoja.

"Nweni, tata," akasema. Kunywa, baba. Akamrudishia kikombe kwa mikono miwili akakimbilia jikoni, tukamsikia huko anakohoa na kucheka.

Mzee akanywa kikombe chote bila kupumua. Akajimiminia kingine, akamuuliza kaka mwanzi umekatwa upande gani wa mto, kaka akamtajia, naye akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia kijana wetu kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Wewe. Kule jikoni bati limeachia. Binti yangu akipika mvua inaingia kwenye mboga."

Mzee alidhani atakwenda kesho. Kijana akatoka hapo hapo. Tukasikia ngazi, tukasikia nyundo. Tulipotoka nje yuko juu ya paa, na suti, na tai imerushwa begani, anagonga misumari kwa bidii ambayo sijaiona tangu azaliwe. Binti amesimama chini anamshikia ngazi, ingawa ngazi ilikuwa imetulia kabisa.

Mke wangu akaweka mkono usoni kuzuia jua, akamwangalia sana mwanawe.

"Na la kwangu," akasema, "linavuja tangu masika ya juzi."